Selimundu: Jeni Ikizimwa, Nani Atalipa?

Msikilizaji, jeni huwashwa na kuzimwa. Mtoto akiwa tumboni, damu yake hutumia himoglobini ya awali. Akishazaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, maumivu huanza baada ya hapo, himoglobini hiyo inapopungua.

Sasa, kwa nini tuzungumzie jambo hili? Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayoidhoofisha BCL11A katika seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, ili himoglobini ile ya awali irudi.

Kwa upande mmoja, wengi waliotibiwa wameondokewa na maumivu makali. Kwa upande wa pili, tiba hiyo hutanguliwa na tibakemikali nzito, na ilipoidhinishwa bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2.

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako huzaliwa watoto wengi wenye selimundu. Je, tiba hii itawafikiaje?