Mama Aliyefunga Kizazi Anapotaka Mtoto Tena: Uchaguzi wa Tiba na Tatizo la Kumbukumbu Kitui na Makueni

Mada kwa wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa afya ya uzazi

1. Utangulizi

Waandaaji wameniomba nieleze namna ya kumshauri mwanamke aliyefunga kizazi na sasa anataka kushika mimba. Nitakayoyasema ni maoni ya kitaaluma. Si msimamo wa serikali ya kaunti yoyote, wala si mwongozo mpya wa Wizara ya Afya.

2. Maana ya maneno

Kufunga kizazi ni kukata, kufunga au kubana mirija ya uzazi ili yai na mbegu ya mume zisikutane. Kuunganisha mirija ni kushona upya vipande vilivyotenganishwa, kwa nyuzi nyembamba mno, daktari akiangalia kwa darubini. IVF ni kutoa mayai, kuyatungisha maabarani na kuweka kiinitete katika mji wa mimba, mirija haihusiki. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hiyo, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF Mei 2006, jijini Nairobi. Haya mnayajua, tuendelee.

3. Wanaorudi ni nani?

Ni mjane aliyeolewa tena, ni mama aliyezika mtoto, ni mke aliyeachika akiwa bado kijana. Utafiti wa Marekani uliowafuatilia wanawake hadi miaka 14 ulionyesha kuwa kati ya waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini, takriban 20 katika kila 100 walijuta. Waliozidi miaka 30 walikuwa kama 6. Umri wa kufunga basi ni onyo la kwanza.

Kwetu Ukambani boma bila mtoto ni jambo la ukoo mzima. Ndiyo maana wazee walikuwa na desturi ya iweto, ambapo mwanamke asiyejaliwa mtoto humwoa mwanamke mwenzake amzalie watoto wa boma lake. Anayeketi mbele yetu kliniki anabeba matarajio hayo yote.

4. Kuchagua kati ya njia mbili

Kabla ya kutaja njia yoyote, tujue mambo manne: umri wa mama, hali ya ovari zake, manii ya mume na mirija iliyobaki. Mara nyingi mume hapimwi, kisha mama anapasuliwa bure.

Kuunganisha mirija kunamfaa mama ambaye bado ni kijana, anayetaka zaidi ya mtoto mmoja, mumewe akiwa na manii nzuri, na mrija uliobaki ukiwa na urefu wa kutosha, yaani sentimita 4 au zaidi. Mrija uliobanwa kwa pete au klipu huunganika vizuri kuliko uliokatwa sehemu kubwa. Upasuaji ni mmoja, kisha mama hujaribu kila mwezi. Hatari yake kubwa ni mimba kutunga nje ya kizazi. Kwa hiyo akikosa hedhi tu, apimwe mimba, na apigwe picha ya ultrasound mapema.

IVF inamfaa ambaye mirija imeondolewa yote au imekatwa kwenye vidole vyake vya mwisho, ambaye mumewe ana manii dhaifu, au ambaye umri hauruhusu kusubiri. Kila jaribio hulipiwa upya, na gharama ni mamia ya maelfu ya shilingi. Baada ya miaka 40 mafanikio ya kutumia mayai ya mama mwenyewe hupungua sana kwa njia zote mbili.

5. Tatizo letu: hatujui mirija ilikatwaje

Hapa naomba subira yenu, kwa maana jambo hili nimelipigania miaka mingi, na bado barua zangu hujibiwa kwa kuambiwa kuwa litaangaliwa.

Uchaguzi wote nilioueleza unategemea jibu la swali moja: siku ile thieta, daktari alifanya nini? Alikata katikati au mwishoni? Aliondoa kipande cha urefu gani? Alitumia uzi au pete? Mama hajui. Anatoa karatasi ya kuruhusiwa iliyokunjwa hadi kuchanika, nayo inasema tu kuwa mirija imefungwa. Tunaandika kuomba faili alikopasuliwa. Tunajibiwa kuwa mafaili ya zamani yameliwa na mchwa, yalihamishwa, au hayaonekani.

Matokeo yake ni haya. Mama wa Kyuso au Mutomo anauza mbuzi, anapanda gari hadi Nairobi, analipia picha ya eksirei ya mirija. Picha inaonyesha mahali njia ilipozibika. Kipande cha upande wa pili haikionyeshi. Hapo daktari anampasua ili atazame, na wakati mwingine analifunga tumbo tena bila kushona mirija, kwa kuwa hapakuwa na cha kuunganisha. Mstari mmoja wa maandishi ungemwokoa kisu na deni. Wengine huishia kwa wauza dawa za mitishamba wanaoahidi kuzibua mirija iliyokatwa, jambo lisilowezekana.

Na tatizo linakua. Siku hizi wapasuaji wengi duniani huondoa mrija mzima ili kupunguza hatari ya saratani ya ovari. Sababu ni nzuri, lakini aliyeondolewa hivyo hawezi kuunganishwa tena maishani. Asipoandikiwa, atatafuta kisichokuwepo.

Lingine ni ridhaa. Wapo waliotia sahihi wakiwa katika uchungu, wakipelekwa kupasuliwa ili wajifungue. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe njia zilizopo, manufaa, hatari na gharama, kwa lugha anayoielewa. Kwa mama wengi wa hapa lugha hiyo ni Kikamba. Mahakama Kuu iliamua kuwa wanawake wenye virusi vya Ukimwi waliofungwa kizazi bila ridhaa yao walikiukiwa haki. Tusisubiri kesi yetu.

6. Mapendekezo

1. Kila anayefunga kizazi apewe kadi yenye tarehe, mbinu iliyotumika, sehemu iliyokatwa na urefu wa mrija uliobaki.
2. Maelezo hayo yaandikwe pia katika kijitabu chake cha kliniki.
3. Thieta iwe na daftari la kudumu la upasuaji huu, lisilotupwa.
4. Ushauri utolewe wakati wa kliniki ya wajawazito, kamwe si katika uchungu.
5. Ushauri utolewe kwa Kikamba pale mama anapokihitaji.
6. Mama mwenye miaka chini ya 30 aelezwe kwanza kuhusu kitanzi na vipandikizi.
7. Mume apimwe manii kabla ya mke kupewa rufaa.
8. Hospitali za rufaa za Kitui na Wote zikubaliane fomu moja ya rufaa.
9. Wanaounganishwa mirija wafuatiliwe mapema kwa hofu ya mimba ya nje.
10. Wasioweza njia yoyote waelekezwe kwenye malezi na uasilishaji chini ya Sheria ya Watoto ya 2022.
11. Narudia: kadi iandikwe kabla mama hajatoka wodini.

7. Hitimisho

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya huduma za afya ya uzazi. Mashine za IVF hatuna, na hatutazipata kesho. Kalamu na kadi tunazo. Nawaomba wasimamizi wa thieta waliomo ukumbini waanze na mgonjwa wa wiki hii, bila kungoja waraka.