Kushika Mfuko wa Wenzako: Maadili ya Kikristo katika Uongozi wa Chama

(Mada iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi la Dar es Salaam katika hafla ya kuchangia bweni la wasichana)

   

Kamati iliponipigia simu kuniomba nizungumzie maadili ya Kikristo katika uongozi, niliwauliza kama hawajakosea namba. Mimi si mchungaji, ni mhasibu. Wakanijibu kwamba ndiyo sababu wamenipigia mimi. Basi nitasema kama mhasibu anayesoma Biblia, na mtanisamehe nikizungumzia fedha muda wote. Katika chama kama chetu sijaona mahali pengine ambapo maadili ya kiongozi huonekana mapema zaidi kuliko pale mfuko wa wenzake unapopita mkononi mwake.

Ukisoma kitabu cha Kutoka utakutana na harambee mbili za dhahabu. Ya kwanza iko sura ya 32. Musa yuko mlimani, watu wamechoka kumngoja, na Haruni anawaambia wavue pete za dhahabu masikioni mwa wake zao na watoto wao. Wakavua, wakatoa. Hatusomi kwamba kuna mtu aliyepima wala aliyeandika nani katoa nini. Musa aliporudi na kumtaka kaka yake maelezo, Haruni alijibu kwamba alipewa dhahabu, akaitupa motoni, na ndama akatoka.

Nimekuwa katika kazi hii karibu miaka 20 na nimesikia majibu mengi ya hoja za ukaguzi, lakini hilo la Haruni ndilo babu yao wote. Fedha iliingia, kitu kikatokea, na hapo katikati hakuna mtu aliyefanya lolote! Tunayajua majibu ya namna hiyo. Fedha ya ujenzi ilipokelewa, jengo likafika kwenye linta, likasimama. Limesimama lenyewe.

Harambee ya pili inaanza sura ya 35, ya kujenga hema la kukutania. Watu walitoa mpaka Musa akatangaza kambini kwamba asiongeze mtu kitu, vilivyoletwa vinatosha na kuzidi. (Mwenyekiti, mimi bado sijahudhuria harambee iliyofungwa kwa sababu hiyo, ila naendelea kuomba.) Kisha ikaja sura ya 38, ambayo wengi wetu huiruka kwa sababu imejaa vipimo. Musa aliagiza hesabu ya vifaa vyote iandikwe, na kazi hiyo akasimamia Ithamari. Ithamari huyu ni mtoto wa Haruni. Yaani mtoto wa yule yule aliyesema ndama alitoka mwenyewe ndiye aliyekabidhiwa vitabu.

Naomba dakika mbili za tarakimu, ndiyo kazi yangu. Wanaume waliohesabiwa walikuwa 603,550, na kila mmoja alitoa nusu shekeli ya fedha. Zidisha, unapata shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000. Kitabu kinasema fedha iliyopatikana ni talanta 100 na shekeli 1,775. Pigeni hesabu wenyewe kwenye simu zenu: inalingana, haijapungua hata nusu. Halafu yakafuata matumizi. Talanta 100 zilisubiwa vitako 100 vya kusimamishia nguzo na mbao za hema, kila kitako talanta moja. Zile shekeli 1,775 zilizobaki zilitengenezewa kulabu na mapambo ya nguzo. Mapato upande huu, matumizi upande ule, salio sifuri. Na hayo yamo katika Maandiko Matakatifu, katika kitabu kimoja na Amri Kumi.

Musa ni mtu ambaye Biblia inasema alisema na Mungu uso kwa uso. Kama kuna kiongozi ambaye angeweza kuwaambia watu wake "niaminini tu", ni yeye. Lakini alitoa hesabu, tena hakuulizwa.

Sasa nije nyumbani. Mnajua kuna jambo litakalopigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Kamati inapendekeza michango isitumwe tena kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, iende kwenye akaunti ya chama; malipo yatiwe saini na watu wawili wasio wa nyumba moja; na kijarida hiki cha kila mwaka kichapishe ahadi zilizotolewa, zilizolipwa, na kila shilingi ilikokwenda. Baadhi ya wazee wetu hawajafurahi. Wanasema: sisi ni ndugu, tunamcha Mungu, tumeaminiana tangu chama kinaanza, leo vijana wa mjini mnataka mzee alete risiti kama mtuhumiwa?

Hoja hiyo siidharau hata kidogo. Bila heshima hiyo chama hiki kisingekuwepo, maana waliotoa shilingi za kwanza hawakudai karatasi kwa mtu. Tena wazee wana Andiko. Mmoja wao alinionyesha 2 Wafalme 12, pale panaposema mafundi waliokarabati hekalu hawakutakiwa kutoa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli imeandikwa hivyo. Nikamwomba, baba, turudi mistari michache nyuma.

Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuzitumia kukarabati hekalu. Mwaka wa 23 wa utawala wake ukafika, hekalu halijaguswa. Biblia haisemi makuhani waliiba. Inasema tu kazi haikufanyika. Yoashi hakumwita mtu mwizi. Alichofanya ni kubadili utaratibu, na makuhani wakakubali. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akalitoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja pamoja, wanahesabu, wanafunga mifukoni. Watu wawili, wa ofisi mbili tofauti, mmoja wa serikali na mmoja wa dini. Baada ya hapo ndipo fedha inakwenda kwa wasimamizi na mafundi, na hao ndio walioaminiwa bila kuulizwa. Imani ile ilikuja nyuma ya sanduku lenye kifuniko na jozi mbili za macho. Ukiuchukua mstari ule peke yake ukauacha sanduku, umechukua paa ukaacha ukuta.

Kwa hiyo ninachowaomba wazee wangu ni hiki: tukibadili utaratibu, msisikie kwamba tumemshitaki mtu. Namba ya simu ya mweka hazina wetu, ambaye mimi mwenyewe namwamini, ni mali yake. Akifariki leo, Mungu aepushe, fedha ya bweni itakuwa imelala kwenye laini ya marehemu. Familia yake itabidi ihangaike na mahakama kupata msimamizi wa mirathi, huku sisi tuko msibani tunanong'ona kuhusu michango yetu. Mjane wa mtu mwema atajikuta anaulizwa fedha asizozijua. Hiyo nayo ni heshima?

Mtume Paulo aliliona hilo mapema. Alikuwa akichangisha fedha kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu, mchango wa kuvuka nchi, unaofanana sana na huu wetu wa kutoka mjini kwenda nyumbani. Katika 1 Wakorintho 16 anawaambia kila mtu aweke akiba kidogo kidogo siku ya kwanza ya juma, ili michango isisubiri yeye afike. Na watakaopeleka fedha ni watu ambao Wakorintho wenyewe watawakubali, wakiwa na barua. Katika barua ya pili, sura ya 8, anamtuma Tito, lakini Tito haendi peke yake. Pamoja naye yuko ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na mwingine tena ambaye wamempima mara nyingi. Paulo anaeleza sababu bila kuficha: hataki mtu apate la kumlaumu juu ya fedha nyingi kiasi hicho, na anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya watu pia.

Hapo kwenye "mbele ya watu" ndipo viongozi wengi wa Kikristo tunapoteleza. Tunasema, Mungu anaujua moyo wangu. Anaujua, ndiyo. Lakini aliyetoa shilingi 50,000 kutoka kwenye faida ya genge lake la nyanya hana uwezo huo wa Mungu. Yeye anaona karatasi tu. Kiongozi anayemnyima karatasi kwa sababu dhamiri yake ni safi, anamtaka mwenzake aishi kwa imani katika yeye, na imani ya namna hiyo Mkristo amefundishwa kumpa Mungu peke yake.

Nimeombwa nizungumzie maadili ya Kikristo, lakini chama hiki si usharika. Kwetu Upare unakuta ndugu wa tumbo moja, huyu Ijumaa yuko msikitini na yule Jumapili yuko kanisani, na Krismasi na Idi wanakula sufuria moja. Ndiyo maana nafurahi kwamba katika jambo hili hatuhitaji kutafutana. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu kuandika deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, waitwe mashahidi, na watu wasione uvivu kuandika liwe dogo au kubwa. Ndugu zangu Waislamu wanaliita jambo hili amana. Sisi tunaliita uwakili. Vocha ya malipo ni moja.

Na kabla ya misikiti na makanisa, milima ile ilikuwa na ndiva. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanakwenda kwa zamu shamba hadi shamba. Msaragambo ukiitwa wa kusafisha mfereji, watu wanatoka, na asiyetoka anajulikana. Mzee wa ndiva aliheshimiwa sana, lakini heshima yake ilikuwa na msaada mmoja mkubwa: maji yanaonekana. Akimpendelea shemeji yake, kijiji kizima kinaona shamba la nani limelowa. Fedha ya kwenye simu hailoweshi udongo. Kwa hiyo tunalazimika kuiandika, ili tuione kama babu zetu walivyoyaona maji.

Hao hao babu zetu, miaka ya 1940, waliandamana mpaka Same kupinga kodi ya mbiru. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya habari hiyo. Kodi walikuwa wakilipa hata kabla yake. Kilichowachoma ni namna kila mtu alivyokadiriwa. Watu wetu hawajawahi kuwa wagumu wa kutoa. Ni wagumu wa kutoa gizani.

Kwa upande wa ahadi nitasema kidogo tu, kwa sababu leo ni siku ya ahadi na sitaki kuharibu shughuli. Kisa cha Anania na Safira, Matendo 5, huwa kinatumika kuwatisha watu watoe zaidi. Kisomeni tena. Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa lake halikuwa kutoa kidogo. Aliutaka utukufu wa aliyetoa chote. Basi, ndugu, mwenye elfu kumi aseme elfu kumi kwa sauti ile ile, na MC naomba usimsukume mtu ataje kiasi ambacho kesho ataanza kukimbia simu ya katibu. Mimi nikiwa mhasibu afadhali elfu kumi iliyoko benki kuliko milioni iliyoko kwenye kipaza sauti.

Liko moja gumu zaidi, na hili linatuhusu sisi tulioko maofisini. Mradi wa bweni utahitaji saruji, mabati, vitanda. Wapo kati yetu wenye maduka ya vifaa, na wapo waliokwisha kuniambia, "Mhasibu, si tununuliane wenyewe kwa wenyewe?" Tununuliane, sina tatizo. Ila bei zishindanishwe, mwenye duka atoke nje ya kikao bei zinapojadiliwa, na atoe risiti ya EFD kama anavyompa mteja mwingine. Kanisa la kwanza liliponung'unikiwa kwamba wajane wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku, walichaguliwa watu saba kusimamia, na majina yote saba, tangu Stefano mpaka Nikolao, ni ya Kiyunani. Waliokuwa wanalalamika waliwekwa pale pale penye ugawaji. Ningependa kamati ya manunuzi ya bweni iwe na angalau mtu mmoja ambaye kila mwaka anatusumbua kwa maswali. Tunamjua. Leo ameketi meza ya tatu, na naona anacheka.

Rasimu ya mabadiliko iko mezani pale mlangoni, kurasa mbili tu. Wazee wangu ambao maandishi madogo yanawasumbua, nimewachapishia nakala za herufi kubwa. Hesabu za mwaka uliopita ziko pembeni yake pamoja na jalada la stakabadhi. Fungueni, pekueni, andikeni maswali kwenye karatasi tupu niliyoiacha juu. Mwenye swali la ana kwa ana anishike sasa kabla ya chakula, maana pilau ikishapakuliwa najua hakuna atakayeniuliza habari za vocha.