Springi za Nyuma za Gari Livutalo Tela

Mazungumzo yangu ya leo nayaelekeza hasa kwa wenye magari walioko Idete, na Namwawala, na Mbingu, na vijiji vyote vilivyo kando ya njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba, ambao wakati wa mavuno hufunga tela nyuma ya pikapu au lori dogo ili kuutoa mpunga mashambani. Lakini hata asiye na gari na asikilize, maana mpunga ulio juu ya tela hiyo huenda ni wake, na pengine yeye mwenyewe ameketi juu ya magunia.

Kila mwaka, mavuno yaanzapo, jambo huwa lile lile. Mtu amefunga tela, amekwisha kupakia, kisha hurudi nyuma hatua chache alitazame gari lake, akaona mgongo wake umeinama kama wa fisi, na taa za mbele zaangaza vilele vya miembe. Hapo huenda moja kwa moja kwa fundi, akasema, "Fundi, niongezee springi." Naye fundi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, humwongezea bila ya kumwuliza neno. Mimi nasema kwamba springi ni jambo la kuulizwa mwisho, wala si mwanzo. Kwa sababu springi huliinua gari, lakini haiupunguzi mzigo hata kwa kilo moja.

Tuanze na tela yenyewe. Ziko tela za namna mbili, na watu wengi hawazipambanui. Namna ya kwanza ina ekseli mbele na ekseli nyuma, na ile ya mbele hugeuka pamoja na mkono wa kuvutia. Tela hii hujibeba yenyewe. Gari kazi yake ni kuivuta tu, wala halibebi uzito wake ila ule mdogo wa mkono. Mwenye tela kama hii, akiona gari lake limechuchumaa, na atafute sababu kwingine: ama amejaza magunia ndani ya gari lenyewe, ama springi zake zimechoka kwa uzee. Akinunua springi za nguvu kwa ajili ya tela hiyo, fedha yake ameitupa mtoni.

Namna ya pili ina ekseli moja katikati, au mbili zilizokaribiana sana. Hii haiwezi kusimama peke yake, hapana budi iliegemee gari. Tena yapasa iliegemee kwa kiasi: katika kila kilo 100 za tela pamoja na mzigo wake, kilo 10 hata 15 zikae juu ya kulabu. Zikipungua, tela huanza kuyumba huku na huku mara mwendo uongezekapo, na tela iyumbayo yaweza kulivuta gari zima likaingia mtaroni. Zikizidi, gari hulemewa.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuseme tela ina kilo 2,000 pamoja na mpunga, na kilo 300 zimekaa juu ya kulabu. Tuseme kutoka ekseli ya mbele ya gari hata ya nyuma ni mita 3, na kulabu iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Wengi watajibu kwamba ekseli ya nyuma imeongezewa kilo 300. Sivyo. Gari ni kama ubao uliolazwa juu ya gogo, ambao ukiukandamiza ncha moja, ncha ya pili huinuka. Zidisha 300 kwa 1.2, upate 360. Gawanya kwa 3, upate 120. Basi magurudumu ya mbele yamepungukiwa kilo 120, na kilo hizo hazikupotea, zimehamia nyuma. Ekseli ya nyuma haikuongezewa 300, bali 420.

Hilo la kupungukiwa mbele ndilo la hatari kuliko yote. Magurudumu ya mbele ndiyo yashikayo njia, nayo ndiyo yafanyayo kazi kubwa zaidi ya breki. Yakiwa mepesi, usukani huteleza mkononi kama mtumbwi usio na kafi, na hasa katika udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua. Je, ukiongeza springi nyuma, zile kilo 120 zitarudi mbele? Hazirudi. Bampa imeinuka, taa zimerudi kuitazama barabara, mwenye gari amefurahi na fundi amelipwa. Lakini usukani u mwepesi vile vile. Ni mfano wa kumtuliza mgonjwa wa malaria maumivu ya kichwa, na homa ikaachwa mwilini. Naona afadhali gari lililochuchumaa likamtisha mwenyewe, kuliko lililonyooka likamdanganya.

Basi kabla ya kwenda kwa fundi, pima. Gari likiwa tupu mahali palipo sawa, pima kwa futi kutoka chini hata ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele, kisha juu ya la nyuma. Funga tela iliyopakiwa, upime tena. Mbele pakiinuka sana, ujue mzigo umekaa vibaya. Sogeza magunia ndani ya tela yaelekee ekseli yake, lakini usipite kiasi nilichokitaja, isije ikayumba. Ondoa vitu vizito vilivyo nyuma kabisa ndani ya gari. Tena itazame kulabu: ikiwa imechomelewa mbali nyuma, kuisogeza mbele kiasi cha shubiri moja hufaa kuliko mabapa mawili ya springi, almradi tela isiigonge bodi penye kona.

Uzito ulio juu ya kulabu wapimika hata Idete. Kwenye mashine za kukoboa mpunga iko mizani ya jukwaa. Ulaze mkono wa tela iliyopakiwa juu ya mizani hiyo, kwa kimo kile kile cha kulabu, nawe utasoma. Lakini usihesabu magunia tu ukasema umejua uzito. Gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, halina kipimo. Nalo, zaidi ya kumpunja mkulima, humpunja na mwenye gari, ambaye hudhani amebeba kumi kumbe amebeba kumi na tatu.

Ukiisha kujua uzito, soma kibao cha chuma kilichobandikwa na watengenezaji, ambacho mara nyingi kiko penye mlango au ndani ya boneti. Humo mna uzito ambao kila ekseli yaweza kuubeba. Soma na ubavuni mwa matairi, maana kila tairi limeandikwa kiasi chake. Springi mpya haiyabadili maandiko hayo. Bearingi ni zile zile, ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, na chasisi ni ile ile. Hesabu ikiupita uzito wa kibao, jawabu ni safari mbili, au gari kubwa zaidi. Na tela ya kilo 2,000 isiyo na breki zake yenyewe, fedha ya springi na ikanunue breki za tela kwanza. Atakayeshuka Kitonga akitoka Iringa, na mzigo ukimsukuma kwa nyuma, atanielewa.

Serikali nayo ina neno lake. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kushikwa Tanzania mwaka 2019, ekseli moja yenye matairi manne haipasi kuzidi tani 10, na mbili zilizofuatana tani 18. Karani wa mizani pale Mikese haulizi springi zako ni za namna gani.

Haya, tuseme umepima, hesabu imekaa ndani ya kibao, mzigo umepangwa vema, na bado gari limeinama nyuma hata springi zinagonga mpira wa kuzuia kishindo kila shimoni. Sasa ndipo springi ziulizwe, na ziko njia kadha wa kadha.

Ya kwanza ni kuongeza bapa katika fungu la mabapa ya springi. Ni njia ya kale, ni rahisi, na mafundi wetu waijua. Bapa hilo hufanya kazi mchana na usiku, gari likiwa na mzigo au tupu. Kwa mtu ambaye gari lake halitembei bila mzigo, ni jema. Lakini mkulima wa bondeni huvuta tela miezi michache tu ya mavuno, na miezi mingine hupeleka mgonjwa Ifakara au huchukua sabuni na chumvi za duka. Gari lake tupu, lililokazwa springi, litarukaruka juu ya makorongo kama mbuzi. Gurudumu lililo hewani halishiki breki, na mgonjwa ataomba ashushwe aende kwa miguu.

Ya pili ni springi za msaada, zinazofungwa juu ya fungu kuu, ambazo haziguswi gari likiwa tupu. Mzigo ukija, fungu kuu huinama hata ncha za springi hizo zikagota katika vituo vyake, ndipo zinapoanza kubeba. Nikiulizwa na mtu wa Idete mwenye pikapu moja kwa kazi zote, hizi ndizo nitakazompa. Hazina hewa ya kuvuja, hazichomwi na miiba, tope halizidhuru, na uzito huendelea kuingia katika chasisi kwa njia ya mafungio yale yale yaliyokusudiwa na watengenezaji. Upungufu wake ni kwamba kimo cha vituo lazima kipimwe vizuri: vikiwa karibu mno, springi hugota hata gari likiwa tupu, vikiwa mbali mno, hazifiki.

Ya tatu ni mipira ya upepo, iwekwayo kati ya ekseli na chasisi na kujazwa kwa pampu. Uzuri wake hauna mfano: leo una mzigo, wajaza, kesho huna, wapunguza. Watu wa barabara za lami huisifu sana, wala hawakosei. Lakini kwetu ina maadui: miiba, mawe yanayorushwa na matairi, joto la bomba la moshi, na bomba dogo la upepo linaloweza kukatika porini. Isiachwe tupu kabisa, maana hujikunja na kupasuka. Tena iko ila kubwa zaidi. Springi ya mabapa huigawa kazi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mpira husukuma chasisi mahali pamoja. Mwenye kuijaza sana, na tela ikining'inia nyuma mbali, akapita njia yenye mashimo, aweza kuiona chasisi imepinda au imefanya ufa juu ya ekseli. Anayeitumia na aijaze kiasi cha kusaidia springi tu, si kulibeba gari.

Na shokapu? Watu hununua shokapu ngumu wakitumaini gari litainuka. Shokapu ya kawaida haibebi uzito; kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza baada ya shimo. Ikiwa imekufa, badilisha, lakini usiihesabu katika kubeba.

Nawaonya pia juu ya springi kuukuu zitokazo katika magari mengine. Bapa lenye unene au mviringo usiolingana na wenzake haligawi kazi nao. Moja hubeba yote, nalo huvunjika. Na bapa lililopashwa moto mpaka likawa jekundu, likapigwa nyundo ili lirudie mviringo wake, limepoteza ile nguvu ya kuinama na kurudi, isipokuwa fundi anajua kulizimisha na kulipasha tena kwa kipimo, na hao ni wachache. Usikubali kabisa springi ichomelewe.

Zamani, mtu wa Idete aliyekwenda Lupiro au Mahenge alisubiri kivuko cha mto Kilombero, na katika kusubiri alipata nafasi ya kuinama chini ya gari lake. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2018 hupita moja kwa moja, na nafasi ile hapana budi aitafute mwenyewe. Springi mpya zikiisha kufungwa, zile bolti za umbo la U zishikazo springi na ekseli ziwe mpya, maana za zamani zimekwisha kunyooka nyuzi zake. Zikazwe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, simama ukazikaze tena, kwa kuwa mabapa hujilaza na bolti hulegea. Zikilegea, bolti ndogo ya katikati hukatika, na ekseli husogea mahali pake. Kisha chukua futi, pima mbele na nyuma kama ulivyopima mara ya kwanza, na uandike hesabu hizo ndani ya mlango wa gari, ili mavuno yajayo uwe na cha kulinganisha.