Nani Asimame? Kumtafuta Mpinzani wa Mtetea Kiti: Mfano wa Virginia



Mada hii inahusu swali ambalo kamati zetu huliahirisha mpaka fomu zianze kutolewa: nani asimame kumkabili mwakilishi aliyekwishazoea kiti? Nimechagua mfano wa Virginia, Marekani, ambako baraza la chini la bunge la jimbo lina viti 100 na huchaguliwa kila baada ya miaka 2.

Kazi huanzia kwenye hesabu za kura. Mwaka 2016 Hillary Clinton, mgombea urais wa Democratic, aliongoza katika maeneo 17 yaliyokuwa na wajumbe wa Republican. Wapigakura walikuwapo, waliokosekana ni wagombea wa kuwavuta. Mwaka uliofuata Wademokrati walitoka viti 34 hadi 49.

Lakini unayemwendea kumwomba asimame usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwambie kwamba mjumbe hulipwa dola 17,640 kwa mwaka, hivyo kazi yake ya kila siku hataiacha. Mwambie pia kwamba Virginia haiweki kikomo cha michango ya kampeni, na mtetea kiti ndiye anayejulikana kwa wenye fedha. Wa kukimbia na akimbie hapo hapo, si wiki 3 kabla ya uchaguzi.

Umaarufu mimi siupi uzito sana. Danica Roem, mwandishi wa habari wa magazeti ya eneo lake, mwaka huo wa 2017 alimng'oa Bob Marshall, mjumbe wa Republican aliyekuwa barazani tangu 1992, na kilio chake kikubwa kilikuwa foleni za Barabara ya 28. Mtafuteni anayejua magari yanakwama wapi asubuhi.

Sasa tuje mji wa Newport News, huko huko Virginia. Shelly Simonds wa Democratic, mjumbe wa bodi ya shule, alishindwa na mtetea kiti wa Republican, David Yancey, mwaka 2015. Akarudi 2017. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa alimzidi Yancey kwa kura 1. Majaji wakaikubali karatasi moja iliyokuwa na utata, wote wakawa na kura 11,608. Januari 4, 2018, majina yao yalitiwa kwenye vikebe vya filamu ya kamera, vikawekwa ndani ya bakuli la kauri, na likatoka la Yancey. Kwa kikebe hicho Warepublican walibaki na wingi wa 51 kwa 49.

Simonds alisimama tena 2019, akashinda. Mipaka iliyochorwa upya kwa amri ya mahakama ilimsaidia, tusifiche hilo. Ila mahakama haikumtafutia chama mgombea. Alikuwapo tayari, na milango ya eneo lile alishaigonga kwa chaguzi mbili.

Hapa kwetu aliyeshindwa husahauliwa kabla hajamaliza madeni ya kampeni. Kwa hiyo katika kazi ya vikundi mchana huu, kila wilaya ilete jina la mgombea wetu aliyeshindwa mara ya mwisho, kura alizopata, na nani kati yenu amempigia simu tangu wakati ule.