Nani Anafunga Malisho? Funzo la Ngitili za Shinyanga



Nimechagua kuzungumzia Shinyanga kwa sababu ndiko tulikojifunza kwamba uoto wa asili haurudishwi na miche peke yake. Hurudi pale wanaoishi juu ya ardhi wanapokuwa na mamlaka ya kuifunga, kuifungua na kumtoza faini anayevunja masharti.

Usukuma, nchi ya Wasukuma iliyomo Shinyanga, haukuumbwa mtupu. Ulikuwa nchi ya migunga na miombo. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilisimamia ufyekaji wa mapori ili kuwaangamiza mbung'o, wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Ikafuata pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa. Katika miaka ya 1970 familia nyingi zilihamishiwa vijiji vipya, zikaacha nyuma malisho zilizokuwa zikiyatunza zenyewe. Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga.

Kilichouinua mradi huo kilikuwepo kabla yake. Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua bila kuguswa, kisha likafunguliwa wakati wa kiangazi kikali, malisho ya kwingine yakiwa yamekwisha. Ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wa kulimia waliokolewa hapo.

Naomba tulitazame jambo hili kwa jicho la mwanabotania. Mche uliotoka kitaluni una mizizi ya miezi michache, nao unakabiliwa na ukame, mchwa na midomo ya mbuzi kwa wakati mmoja. Kisiki cha mgunga kina mizizi ya miaka mingi iliyokwisha kufika kwenye unyevu. Kila mwaka hutoa machipukizi, na kila mwaka machipukizi hayo huliwa. Zuia mifugo misimu michache na chipukizi litapita urefu wa mdomo wa mbuzi. Mkoa uliodhaniwa hauna miti ulikuwa na msitu chini ya ardhi.

Lakini nani azuie mifugo? Kondoa tulijibu kwa amri. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, nami silipuuzi hilo, ila wafugaji waliambiwa waondoke na wanyama wao. Shinyanga ilikwenda njia nyingine. Mipaka na faini vilijadiliwa katika dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakalinda kilichokubaliwa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zilikuwa karibu na nyumbani, nguzo na nyasi za kuezekea zikapatikana, asali na dawa za mitishamba zikarudi.

Hata hivyo, nisiwaachie picha yenye kupendeza kuliko ukweli. Ngitili nyingi ni za familia, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye anayevuna zaidi. Asiye na ng'ombe hufaidi kuni na matunda pori katika ngitili za kijiji. Hizo zikigawanywa au kuuzwa, yeye ndiye wa kwanza kupoteza. Kwangu mimi, huu ndio udhaifu mkubwa wa mfano wa Shinyanga, na idadi ya hekta haiwezi kuufunika.

Tanzania imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 ifikapo mwaka 2030. Ahadi hiyo haitatimizwa na vitalu vya miche. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kupanga matumizi ya ardhi yake na kutenga msitu wake. Kinachokosekana ni fedha za kupima mipaka, na nia ya kuiheshimu pindi anapotokea mwekezaji au mgogoro. Nawaomba wataalamu wa wilaya walioko hapa: kabla ya kuagiza miche mingine, kaeni na serikali za vijiji, mpime ngitili za pamoja, na mzisajili kwa jina la kijiji kizima.