Kuihesabu Kusi: Stadi za Mhitimu wa Ununuzi na Ugavi Mafia

Maelezo kwa vijana waliohitimu vyuo na shule za sekondari, Kilindoni



Saruji ya darasa jipya, chanjo ya mtoto wa Bwejuu, mafuta ya bodaboda na unga unaouzwa Kirongwe vina jambo moja linalofanana: vyote huvuka maji kabla ya kumfikia mwenye haja navyo. Nazi, korosho, dagaa na pweza huvuka maji hayo hayo kwenda upande wa pili. Kati ya gati la Kilindoni na gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, hupita kivuko MV Kilindoni, boti za abiria na majahazi ya mizigo, na barabara ya kwenda Dar es Salaam huanzia huko ng'ambo. Kwa sababu hiyo kazi ambayo vyuo huiita usimamizi wa mnyororo wa ugavi si kazi ngeni Mafia. Wazee wa kisiwa waliifanya kwa kutazama upepo na maji. Kilichobadilika ni hati, mashine na sheria.

Mhitimu anayetoka chuoni na cheti cha ununuzi na ugavi huwa amefundishwa mengi yenye manufaa. Aghalabu mifano aliyofundishwa huwa ni ya lori linalotoka bohari moja ya mjini kwenda nyingine, na lori halingojei maji yajae. Stadi ya kwanza inayohitajiwa hapa, basi, ni kuhesabu muda wa kungojea mzigo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano, lakini wengi huikosea.

Chukulia zahanati katika kisiwa kidogo inayotumia dozi 6 za dawa mseto ya malaria kwa siku. Katika majira ya kaskazi, tangu siku ya kuagiza hadi siku ya kupokea, hupita siku 10. Mtunza dawa makini huagiza mara tu akiba inaposhuka kufikia dozi 60, na mzigo hufika naye akikaribia kumaliza. Kisha kusi huingia, bahari huchafuka, chombo hukaa bandarini siku kadhaa, na muda ule ule wa kungojea huwa siku 17. Akiendelea kuagiza akiwa na dozi 60, zitamalizika siku ya 10, na kwa siku 7 mgonjwa wa malaria ataambiwa arudi nyumbani au apande mashua. Dozi zilizohitajiwa zilikuwa 102. Hakuna mtu aliyeiba wala aliyelala kazini; palikosekana mtu wa kuandika kwamba mwezi wa Juni si mwezi wa Januari. Kusi huja kila mwaka, hivyo mtunza bohari hana sababu ya kuiita dharura.

Hesabu hiyo hutegemea daftari la kweli. Leja inayosema kuna makasha 40 wakati rafuni yamebaki 31 ni mbaya kuliko kukosa leja kabisa, kwa kuwa asiye na leja angalau atainuka akahesabu. Kijana ajizoeze kuandika kila kinachoingia na kila kinachotoka saa ile ile, si jioni kwa kukumbuka. Ajizoeze pia kuhesabu kwa mkono na kulinganisha. Anapopokea mzigo gatini ahesabu kabla ya kutia sahihi, na upungufu auandike kwenye hati ya mapokezi mbele ya aliyeuleta. Jambo hili huwaonea haya vijana wengi, hasa pale nahodha anapokuwa mjomba wa mtu. Adabu na hesabu havigombani: mjomba ataamkiwa kwanza, kisha magunia yatahesabiwa.

Kwa bidhaa za afya kuna stadi nyingine isiyosamehe makosa, nayo ni kuutunza mnyororo baridi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye bega la mtoto. Joto linajulikana kwa uadui wake, na vichupa vingi vina alama inayobadilika rangi vinapopatwa nalo. Watu husahau kwamba baridi kali nayo huua. Chanjo ya pepopunda iliyogusana na barafu ikaganda hupoteza nguvu yake, na ile alama ya joto haitamwambia muuguzi lolote. Oksitosini, sindano inayozuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua, nayo hutakiwa kukaa katika ubaridi huo huo. Anayepanga kasha la baridi Kilindoni alfajiri, akijua kwamba mashua itasubiri maji Utende hadi adhuhuri, ameshika maisha ya mwanamke ambaye huenda hatamwona kamwe. Kupima nyuzi, kuziandika, na kujua la kufanya jokofu linapozimika havifai kuachiwa muuguzi peke yake.

Upande wa mazao ya bahari, ugumu ni wa namna nyingine. Katika baadhi ya vijiji vya pwani, Mafia ikiwamo, wavuvi hukubaliana kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Siku ya kufungua, pweza wengi hutolewa kwa wakati mmoja. Ikiwa barafu haikuandaliwa, chombo hakikukodiwa na mnunuzi hakuarifiwa mapema, subira ya miezi yote huishia katika bei ya kutupa. Kijana anayejua kupanga barafu, chombo na simu ya mnunuzi katika ratiba moja ana kazi ya kufanya hata kabla ya kuajiriwa na mtu.

Lipo pia suala la uzito na idadi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba watu wengi mno kupita uwezo wake, ambao ulikuwa watu 101. Zaidi ya watu 220 walifariki, na kwa siku kadhaa idadi kamili ya waliokuwamo haikujulikana kwa yakini. Kisiwa chochote kinachotegemea vyombo vya majini kingefaa kulirejea somo hilo mara kwa mara. Orodha ya abiria na shehena ikamilike kabla ya kamba kufunguliwa, nakala yake ibaki nchi kavu, na anayeishika awe na ujasiri wa kusema kwamba chombo kimejaa. Mitihani ya chuo haina namna ya kuupima ujasiri huo, ila bila huo cheti hakina kazi gatini.

Kuhusu sheria na mitambo, maneno machache yatatosha. Ununuzi wa umma sasa hupita katika mfumo wa mtandao wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, mwaka ambao Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ilipitishwa. Mhitimu asiyeweza kutumia kompyuta na kuandaa jedwali la hesabu atabaki nje ya mlango. Anayetaka kuifanya kazi hii kitaalamu ajisajili kwa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na kufanya mitihani yake. Kiingereza cha hati za mizigo kinahitajika. Kiswahili kizuri cha kuzungumza na wachukuzi, manahodha na akina mama wauza dagaa kinahitajika zaidi, ingawa hakuna tangazo la kazi linalokitaja.

Ajira za mshahara ni chache kuliko wahitimu. Kwa hiyo ifahamike kwamba taasisi za umma hutakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo, na kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha wahitimu kinachosafirisha saruji au kuhifadhi samaki kwa barafu kinaweza kuingia katika milango yote miwili, mradi vitabu vyake vya hesabu vinasomeka. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanza naye.

Kwa yule ambaye bado anasubiri barua ya ajira, gati la Kilindoni halitozi ada ya masomo. Aombe ruhusa kwa wahusika, asimame mahali pasipozuia kazi, na chombo kinapopakuliwa aandike siku kilipotarajiwa, siku kilipofika, mzigo ulioandikwa na mzigo ulioshuka. Aanze kaskazi hii na aendelee hadi kusi iishe.