Kwa Nini Tumevaa Tepe Mbili

(Maneno ya katibu wa kwaya katika ibada ya yubilei)



Tangu tulipoingia na wimbo wa kwanza tumeona macho yenu yakitutazama kifuani. Utepe wa dhahabu hauna maneno mengi. Tumetimiza miaka 50, na dhahabu ndiyo rangi ya 50. Huu mwekundu ndio umeleta minong'ono, hata ndani ya kamati. Mmoja wetu aliuliza wazi: "Watu wakituona si watadhani sote tuko na hicho kitu?" Kikao kikanyamaza. Baada ya swali hilo tulipiga kura, na hakuna aliyepinga.

Kwanza tuwaeleze ulikotoka. Mwaka 1991, huko New York, wasanii wa kikundi cha Visual AIDS walikuwa wamezika marafiki wengi. Wakati huo Wamarekani walikuwa wakifunga tepe za manjano kuwakumbuka wanajeshi wao waliokwenda Vita vya Ghuba. Waliokuwa wakifa kwa Ukimwi hawakufungiwa chochote. Wasanii wale wakachagua nyekundu, rangi ya damu na ya mapenzi, wakakata vipande vya kama sentimita 15, wakavikunja na kuvishika kwa pini. Hawakuweka majina yao, wala hawakuufanya utepe huo kuwa mali yao kisheria, ili yeyote mwenye mkasi aweze kujitengenezea. Mwezi wa Juni mwaka huo mwigizaji Jeremy Irons aliuvaa kwenye Tuzo za Tony, na watu wakauona kwenye televisheni.

Ndiyo maana na sisi hatukununua zilizo tayari. Kina mama wa sauti ya pili walinunua riboni kwa mita sokoni, tukakata wenyewe Jumamosi baada ya mazoezi. Ukiona uliokatwa upande, ujue umepitia mikononi mwa besi.

Utepe wa waridi wa saratani ya matiti nao una kisa chake. Kabla ya waridi kulikuwa na rangi ya pichi. Mama mmoja wa California, Charlotte Haley, ambaye nyanya yake, dada yake na binti yake waliugua saratani hiyo, alikuwa akitengeneza tepe nyumbani na kuzigawa pamoja na kadi ya kudai pesa zaidi za kuzuia ugonjwa. Mwaka 1992 jarida la Self lilitaka kushirikiana naye, akakataa, akaona ni biashara mno. Basi rangi ikabadilishwa ikawa waridi, na utepe ukaendelea bila yeye. Kisa hiki kilitusaidia. Mfadhili mmoja alipotaka jina la duka lake lichapwe kwenye tepe zetu, tulimshukuru sana, tukampa ukurasa katika kijitabu hiki.

Kuna pia aliyesema tepe ni mambo ya kidunia. Tukamkumbusha ile kamba nyekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani, katika Yoshua sura ya 2. Jamaa yake yote ilipona kwa sababu waliokuja waliiona.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penyewe.

Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Serikali ilitangaza ugonjwa huu kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Kati ya miaka hiyo kwaya hii iliimba kwenye mazishi mengi, yakiwemo ya wanakwaya wenyewe. Tulipokuwa tukitayarisha yubilei tulitoa madaftari ya zamani kabatini. Katika daftari la mahudhurio jina lina alama ya vema wiki baada ya wiki, kisha "mgonjwa", "mgonjwa", "mgonjwa", kisha mstari. Tumehesabu majina saba ya namna hiyo. Katika salamu za rambirambi tuliandika kila mara "baada ya kuugua kwa muda mfupi", na daftari letu wenyewe linatusuta.

Jumapili moja ya Desemba, mmoja wa hao saba, mwimbaji wa tena, alikuja na utepe mwekundu kwenye joho. Kumbukumbu za kikao kilichofuata zinasema: "Ilikubaliwa kwamba mapambo yasiyo ya sare yasivaliwe." Hakuna zaidi. Baada ya hapo jina lake halina alama ya vema tena. Wazee wetu wa kwaya wametusimulia lililobaki: kwamba kikombe chake kilitengwa, na kwamba tulimwimbia vizuri sana kaburini.

Wengi wetu tulio hapa mbele hatukuwepo. Wengine tulikuwa shule ya msingi. Lakini tumepokea kabati, tumepokea joho na nyimbo, na daftari ni letu pia. Mwezi uliopita tulisoma azimio lile kikaoni na kulifuta. Kisha tulikwenda kwa familia yake kuwaambia. Wapo hapa leo, wameketi nasi, na tumewaomba msamaha ana kwa ana kabla ya kuwaomba hapa.

Tangu mwaka 2006 dawa za kupunguza makali zinatolewa bure katika hospitali za serikali. Wako wanaozimeza kila siku huku wakiimba na kulea watoto. Kama wako kwaya hii, hatutawataja, na tafadhali msianze kutuhesabu.

Vikapu vya tepe viko mlangoni, upande wa mahali pa sadaka ya shukrani. Hakuna malipo. Pini ni chache kidogo, kwa hivyo mwenye mbili amgawie jirani. Sasa tutaimba wimbo wa tatu katika ratiba yenu, ambao yule mwimbaji wa tena ndiye aliyetufundisha.